Jiwe la damu ya mzee kutoka Moroko: usilitwange, dada

Waalaykumu salaam dada yangu, salamu nyingi kwa wote hapo Wete. Swali lako nalifupisha kidogo ili na wengine wajue tunazungumza nini: kaka yako baharia karudi safari kakuletea jiwe kutoka Moroko, jiwe lenyewe la kijivu cheusi, zito, lakini upande mmoja limeota vijisindano vya rangi ya damu ya mzee inayoelekea kwenye pinki, na aliyemuuzia kamwambia ni jiwe la kobalti la Bou Azzer. Umelikwaruza kwa ukucha ukaona unga wa pinki umebaki kuchani. Wewe unachora picha za kuwauzia wageni na unapaka hina pia, sasa unataka kujua kama unaweza kulitwanga ukapata rangi ya kuchorea, kama rangi hiyo itahimili jua, na kama unga wake unaweza kuuchanganya kwenye hina ya maharusi, maana ni kitu cha asili hakina kemikali.

Naanza na la mwisho kwa sababu hilo ndo lililonifanya niache kazi nyengine nikae nikujibu. Kwenye hina usitie. Hata chembe, hata kwa kujaribu kwenye mkono wako mwenyewe. Na kinuni pia usitie. Mengine yote tutazungumza kwa nafasi, lakini hayo mawili nataka uwe umeshayasoma kabla hujafika chini.

Hilo jiwe, kwa ulivolieleza na kwa mahali lilikotoka, ni erithraiti. Ndani yake kuna kobalti, ambayo ni aina ya metali, kuna aseniki, kuna oksijeni na kuna maji, maji kweli yamo ndani ya fuwele yamefungwa humo. Ukipiga hesabu ya uzito kutoka kwenye fomula yake, kobalti ni kama asilimia 30, maji kama asilimia 24, na aseniki ni asilimia 25. Yaani robo. Ukishika kipande cha gramu 100 cha vile vijisindano vitupu basi umeshika gramu 25 za aseniki mkononi, na aseniki ni sumu ile ile waliyokuwa wakiwekewa watu kwenye chakula zamani, na ukiipata kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu, hili limeshathibitishwa halina ubishi. Sasa hiyo hoja ya kitu cha asili, dada, wewe mtu wa Pemba na bunju, yule samaki mwenye sumu, unamjua. Bunju kaumbwa na Mungu hakutengenezwa kiwandani, na ukimpika ovyo unazikwa.

Kobalti nayo si mwenzetu kwenye ngozi. Ni miongoni mwa vitu vinavojulikana sana kwa kuleta mzio, ngozi inawasha inatoka malengelenge, na mtu akishashikwa na mzio huo mara moja basi ndo unakaa naye, kila akigusa kitu chenye kobalti unarudi. Bi harusi umpake kitu hicho mikononi na miguuni, akae nacho masaa, kisha ale kwa mkono huo huo? Hapana. (Na hapohapo nikuombe, kama unatumia ile piko nyeusi ya unga wa kupakia nywele, iache nayo, inaunguza watu ngozi mpaka wanabaki na makovu, na wageni wanatoka Unguja nayo kila msimu. Hina yetu ya majani inatosha, na rangi yake ni nzuri kuliko hiyo nyeusi.)

Haya, tuje kwenye jiwe lenyewe, manake ni jiwe zuri sana na sitaki uliogope kiasi cha kulitupa.

Umepata bahati kubwa. Bou Azzer ni machimbo ya kusini mwa Moroko, kwenye milima ya Anti-Atlas, wanachimba kobalti pale tangu miaka ya 1930, na vipande vya erithraiti vinavotoka huko ni katika vizuri kabisa duniani. Sehemu nyengine maarufu ni Schneeberg kule Saxony, Ujerumani, na Kanada kuna mji mzima unaitwa Cobalt, Ontario, ambao ulizuka baada ya wajenzi wa reli kukuta fedha pale mwaka 1903. Wachimbaji wa zamani walikuwa wakiona ule ukoga wa pinki juu ya mwamba wanajua chini yake kuna kobalti na pengine fedha, kwa sababu erithraiti haianzi kama erithraiti, inaanza kama madini ya kijivu yanayong'aa kama chuma, kobalti na aseniki zimeshikana, kisha mwamba ukifikiwa na hewa na maji ya mvua yale madini yanaoza taratibu na huo uozo wake ndo hiyo pinki. Kwa hiyo ule upande mweusi wa jiwe lako si takataka, huenda ndo mzazi wa vile vijisindano, na yeye pia ana aseniki, pengine nyingi zaidi.

Kama una lenzi, hata ile ya simu ukisogeza karibu, angalia vizuri. Utaona sindano hazikukaa shaghalabaghala, zinatoka kwenye nukta moja zikatawanyika kila upande, nyengine ni bapa kama vipande vya utepe, na ukiligeuza jiwe kwenye mwanga rangi inabadilika kidogo, upande huu damu ya mzee iliyokolea, upande ule zambarau, na pale kwenye ncha ambapo ni nyembamba inakuwa waridi tu. Kama kuna sehemu ina ukungu wa kijani hafifu, hiyo ni nikeli imekaa mahali pa kobalti, ndugu yake huyo, na sumu ni ile ile.

Kwa nini nasema ni erithraiti kweli na si kitu chengine? Ukucha wako. Siku hizi kuna mawe mengi ya pinki ya kobalti yanauzwa mitandaoni na mengi yanatoka Kongo, upande wa Katanga, Kolwezi na huko. Lakini yale mara nyingi ni kalsaiti, madini ya chokaa, iliyoingiwa na kobalti, pinki yake kama pipi, ni ngumu kidogo na ukucha haulikwaruzi. Machimbo ya Katanga ni maarufu kwa kobalti, ndiko inakotoka kobalti nyingi zaidi duniani ya betri za simu, lakini aseniki kule si sehemu kubwa ya habari kwa hiyo erithraiti si ya kawaida. Lako limekwaruzika kwa ukucha na likaacha unga, na lina sindano. Basi kata hizo kucha, osha mikono kwa sabuni, na usilikwaruze tena. Na asije mtu akakushauri ulipime kwa ndimu au siki kama wanavopima mawe ya chokaa, asidi inaiyeyusha erithraiti na utabaki na kikombe cha maji ya pinki yenye aseniki jikoni kwako.

Sasa suala la rangi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ni mchoraji na una haki ya kujua kwa nini, si kukatazwa tu.

Hata kama isingekuwa na sumu, erithraiti ingekuangusha. Rangi unayoiona kwenye fuwele ni rangi ya mwanga uliopita ndani ya kitu kinene. Ukikisaga, kila chembe inakuwa ndogo, mwanga unaingia na kutoka haraka haujapata kupakwa rangi, unga unapauka. Ile damu ya mzee yote inakwisha unabaki na pinki ya kufifia, umeshaiona mwenyewe kuchani. Halafu ukiutia kwenye mafuta ya linsidi unga huo unakuwa nusu uwazi, haufuniki kitu, ungepaka mikono mitatu na turubai bado linaonekana chini. Ndo maana ukitafuta katika historia ya uchoraji utakuta waliosaga jiwe hili wakachorea ni wachache sana.

Walichofanya watu kwa miaka mingi ni kulipeleka motoni. Na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja.

Mwaka 1301 bwana mmoja wa Kashan, Uajemi, jina lake Abu'l-Qasim, mtu wa ukoo wa wafinyanzi wakubwa, aliandika kitabu kuhusu kazi ya vigae na vyombo vya udongo. Mle ndani anataja jiwe la buluu la wafinyanzi, linachimbwa Qamsar, kijiji cha milimani karibu na Kashan, na mafundi walikuwa wakiliita la Sulaimani. Kisha anaeleza aina nyekundu, inayoota nje ya mawe mgodini, anaifananisha na lile ganda jekundu la nje la pistachio, na anasema ina nguvu sana lakini ni sumu ya kuua. Dada, huyo mtu miaka zaidi ya 700 iliyopita, hana maabara, hana mashine, alikuwa anaeleza jiwe lako. Mafundi wa Qamsar walilijua na walijua linaua.

Na waliligeuza. Kobalti ikipikwa na kioo au ikiwekwa chini ya gilezi, lile ganda la kioo linalofunika chombo cha udongo, kisha ikaingia tanuri, inatoka buluu, ile buluu iliyokolea ambayo haibadiliki hata ikae baharini karne ngapi. Ile pinki na buluu zote ni kobalti hiyo hiyo, tofauti ni majirani zake, ikizungukwa na oksijeni sita kama ilivo kwenye erithraiti inakuwa pinki, ikizungukwa na nne kwenye kioo inakuwa buluu. Basra walikuwa wanachora buluu juu ya vyombo vyeupe tangu karne ya 9. Karne ya 14 kobalti ya Uajemi ikasafiri mpaka China, mafundi wa mji wa Jingdezhen wakachorea zile porseleni za buluu na nyeupe, halafu hizo porseleni zikapakiwa majahazini zikarudi Bahari ya Hindi zikafika mpaka huku kwetu. Zile bakuli walizokuwa wakizitia kwenye vidaka vya nyumba za Waswahili, na zile zilizojengewa kwenye makaburi ya nguzo na mihrabu za misikiti ya zamani ya pwani, buluu yake ni hiyo. Visiwa vyetu havina kobalti, ni chokaa, matumbawe na mchanga, kila tone la buluu hiyo limekuja kwa bahari na upepo wa kaskazi.

Ukipita Ras Mkumbuu au pwani yoyote ya mji wa kale, maji yakitoka unakuta vigae. Inama ukitazame kimoja chenye mstari wa buluu, pembeni mwa mstari utaona rangi imevuja kidogo ndani ya gilezi, haikukatika kwa usafi, imekuwa kama ina moshi. Hapo ndo kobalti iliyeyuka na kioo ndani ya tanuri. Kitazame kisha kirudishe palepale, vigae vya magofu si vya kuchukua, watu wa mambo ya kale wanavitumia kujua tarehe.

Ulaya nao walifanya yao. Saxony kuanzia karne ya 16 walikuwa wanachoma mawe ya kobalti kutoa aseniki, wanayeyusha pamoja na mchanga wa kwatsi na potashi, wanapata kioo cha buluu iliyokolea, wanakimwaga maji baridi kipasukepasuke kisha wanasaga. Rangi hiyo inaitwa smalti. Bei yake ilikuwa rahisi kuliko lapisi lazuli, jiwe la buluu la Afghanistan, na wachoraji wengi wa karne ya 17 waliitumia, na watu waliitia hata kwenye nguo nyeupe kama tunavotia buluu ya kufulia (hii ya sasa ni kitu chengine, haina kobalti). Ila smalti nayo ina tabia ile ile ya unga niliyokwambia, ukiisaga sana inapauka, kwa hiyo walilazimika kuiacha chenga chenga, na kwenye mafuta ikikaa miaka mingi potasiamu inavuja kutoka kwenye kioo na buluu inageuka kijivu. Kuna mbingu nyingi kwenye picha za zamani za Ulaya leo ni kijivu cha matope na mchoraji aliziacha buluu.

Ndo maana mwaka 1802 Mfaransa Louis Jacques Thénard alipotengeneza buluu ya kobalti na alumina (oksidi ya alumini) wachoraji walifurahi, ile inashika na haipauki, mpaka leo ipo madukani, kwenye tyubu tafuta alama PB28.

Na zambarau? Hapa ndo karibu na jiwe lako. Mwaka 1859 Mfaransa mwengine, Salvétat, alieleza namna ya kutengeneza zambarau ya kobalti. Zilikuwepo za aina mbili, moja ya kobalti na fosfati, nyengine ya kobalti na aseniki, yaani binamu wa erithraiti uliotengenezwa na mtu. Ya aseniki ilikuwa na uwaridi mzuri wachoraji wakaipenda. Wakati ule kupata zambarau safi bila kuchanganya nyekundu na buluu ilikuwa shida, mchanganyiko mara nyingi unatoka matope, kwa hiyo wachoraji kama Mfaransa Claude Monet waliochora vivuli vya zambarau waliitumia sana zambarau ya kobalti. Lakini baadae ile ya aseniki ikaachwa kwa ajili ya sumu yake, na hiyo ni rangi iliyokuwa imeshafungwa kwenye mafuta, ndani ya tyubu, si vumbi linaloruka kwenye chumba chako watoto wamelala.

Kwa hiyo ukitaka rangi hiyo, na mie nakuhimiza uitake maana kwa machweo ya Misali na kwa khanga ni rangi ya ajabu, nunua tyubu. Yenye alama PV14 siku hizi ni kobalti na fosfati, aseniki haimo, haipauki juani. Ubaya wake mbili: ghali, na ni dhaifu, ukiitia na nyeupe kidogo tu inapotea. Ukiona jina zambarau ya kobalti lakini limefuatwa na neno la Kiingereza hue basi si yenyewe ni mwigo, si vibaya lakini usilipe bei ya kobalti. Kama ningekuwa nachora kuuza kila wiki ningechukua PV19, inaitwa kwinakridoni, imetengenezwa na kiwanda kutoka kwenye kaboni, ina nguvu mara nyingi zaidi, inahimili jua vizuri, bei yake inaeleweka, ipo ya mafuta na ya akriliki, na ukiigusisha buluu kidogo unapata ile damu ya mzee ya jiwe lako karibu kabisa kuliko hata jiwe lenyewe lingekupa. Ipo pia PV16 ya manganisi, zambarau ya upole, nzuri kwa vivuli, ila kwenye ukuta wa chokaa mbichi usiipeleke, haipatani na chokaa. Na hata hizi za madukani usile huku unachora na usilainishe brashi kwa ulimi, najua wengi mnafanya.

Jiwe liweke hivi. Tafuta boksi la plastiki la uwazi lenye kifuniko kinachobana, weka pamba au sponji chini, litie humo, lifunge, andika juu "sumu, aseniki" kwa herufi kubwa na uandike na Bou Azzer, Moroko. Liweke juu ambapo mtoto hafiki, mbali na jiko, kwa sababu likipata moto yale maji ya ndani yanatoka na rangi inaharibika, na moto ukizidi aseniki inapanda na moshi. Kulishika kwa kulitazama hakukudhuru, lakini osha mikono kila ukilishika na usilishike unapokula. Usilisafishe kwa brashi wala kuliosha, sindano zitakatika na thamani itaondoka.

Kama tayari kuna unga umemwagika mezani au sakafuni, usifagie na usipulize. Chukua kitambaa kilicholowa maji, futa taratibu, kitambaa kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, kisha mfuko wa pili, funga tena. Mfuko huo usiutupe shimoni nyuma ya nyumba wala karibu na kisima, ardhi yetu ni ya mawe matundu matundu maji yanapita mara moja mpaka chini, na kisima kinanywewa na mtaa mzima. Upeleke kwa watu wa mazingira au wa hospitali waambie wazi kuna aseniki ndani, au uweke umefungwa kwenye boksi pamoja na jiwe mpaka upate pa kuupeleka. Na ikiwa kuna mtu alishaupaka au kuuonja, nenda hospitali utaje neno aseniki, usisubiri dalili.

La kuuza, maana nahisi na hilo umeliwaza: linauzika, na linauzika likiwa zima. Wakusanyaji wa mawe wanalipa kwa sindano ambazo hazijavunjika na kwa kujua limetoka mgodi gani, kwa hiyo mwambie kaka yako akuandikie alilinunua mji gani na mwezi gani, piga picha mchana kwenye kivuli chenye mwanga, si juani na si kwa flashi, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, piga moja ya jiwe zima na moja ya sindano kwa karibu. Na atakayelinunua mwambie lina aseniki, hata kama hajauliza.